Vyuma, kauri au trei angavu: kuchagua njia ya kupanga meno jijini Nairobi

Mtu anayeingia katika kliniki ya meno ya Upper Hill, Westlands au katikati ya jiji la Nairobi akitaka meno yake yapangwe, mara nyingi huwa ameshachagua moyoni aina anayoitaka, na aghalabu ameichagua kwa kutazama picha. Kijana anataka trei za plastiki zisizoonekana. Mzazi wake anataka vyuma vya kawaida kwa kuwa amesikia kwamba ndivyo nafuu. Dada anayekaa mapokezi ya ofisi siku nzima anataka vile vya rangi ya jino. Kila mmoja wao anaweza kuwa amepatia, lakini hakuna anayeweza kujua hivyo kabla ya kufahamu tatizo la kinywa chake, kwa sababu aina hizi hazitofautiani kwa sura na bei pekee. Zinatofautiana pia katika kazi zinazoweza kuzifanya na katika mambo zinayomdai mgonjwa kila siku. Maoni yangu, ambayo nitajaribu kuyatetea hapa, ni kwamba vyuma vya kawaida ndivyo kipimo cha kulinganishia aina nyingine zote, kwamba fedha ya ziada inayolipwa kwa aina hizo hununua usiri na starehe zaidi ya inavyonunua matokeo, na kwamba zipo hali chache ambazo usiri huo unastahili kulipiwa.

Aina zote, ziwe za bei gani, hulisogeza jino kwa njia ile ile. Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya pana utando mwembamba wa nyuzi, na jino linaposukumwa kwa nguvu ndogo isiyokatika, mfupa ulio upande linakoelekea huyeyushwa taratibu na chembe za mwili, huku mfupa mpya ukijengwa upande linakotoka. Mwendo huo una kasi yake, ambayo kwa makadirio ya kawaida ni kama milimita 1 kwa mwezi, na kuongeza nguvu hakuuharakishi. Kunaweza hata kuuchelewesha na kuudhuru mzizi. Ndiyo maana mtu aliyeng'olewa gego dogo lenye upana wa milimita 7 hivi, ili meno yake ya mbele yapate nafasi ya kurudi nyuma, huhitaji zaidi ya nusu mwaka kwa ajili ya kuziba pengo hilo peke yake, mbali na muda wa kunyoosha meno na wa kurekebisha jinsi ya juu yanavyokutana na ya chini. Matibabu kamili huchukua kwa kawaida miezi 18 hadi 24, na kwa wengine zaidi. Tangazo linaloahidi tabasamu jipya kwa miezi 6 huwa linazungumzia kunyoosha meno machache ya mbele tu, kazi ambayo si mbaya, ila ni kazi nyingine.

Tatizo kwanza

Kabla ya kulinganisha vifaa, daktari anapaswa kueleza kwa maneno ya kueleweka kama tatizo ni msongamano, mianya, meno ya juu kuchomoza, meno ya chini kutangulia ya juu, meno ya mbele kutokutana kabisa wakati ya nyuma yamefumbwa, au ni taya zenyewe kutolingana. Hilo la mwisho, kwa mtu mzima ambaye taya zake zimekwisha kukua, haliondolewi kikamilifu na kifaa chochote cha kupanga meno peke yake, na huenda likahitaji upasuaji. Wagonjwa wengi wa Kiafrika hufika na meno ya juu na ya chini yaliyochomoza kwa pamoja hadi midomo ikawa haifungi bila kukazwa, na mpango wa kuyarudisha nyuma mara nyingi huhusisha kung'oa magego madogo manne. Kazi ya namna hiyo ni nzito, na huondoa baadhi ya aina kwenye orodha mapema.

Pia picha za eksirei ni za lazima, si nyongeza ya kupandisha bili. Katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki, watoto wachanga waliougua homa au kuharisha wameng'olewa vijimeno vya chonge ambavyo havijachomoza, kwa imani kwamba ndivyo vilivyoleta ugonjwa, na mtoto huyo akikua huenda chonge zikakosekana au zikaota zikiwa na kasoro. Wapo pia watu wazima, hasa wa jamii za Wamaasai na Wajaluo, waliong'olewa meno ya chini ya mbele kwa mujibu wa mila. Kwa watu kama hao swali huwa ni kama pengo lizibwe kwa kusogeza meno jirani au liachwe na kutiwa jino la bandia, na jibu lake ndilo litakaloamua kifaa.

Nigusie na mwanya. Mwanya wa meno ya juu ya mbele, ule unaosifiwa, huzibwa na karibu kila kifaa kitakachotajwa hapa, na wapo waliotoka kliniki bila mwanya wao kwa sababu hakuna aliyewauliza kama wanaupenda. Anayetaka kubaki nao aseme siku ya kwanza; mpango unaweza kuuacha mahali pake huku meno mengine yakipangwa.

Vyuma vya kawaida

Hivi ni vishikio vidogo vya chuma kisichoshika kutu, vinavyogundishwa kwenye uso wa kila jino na kupitishiwa waya mmoja unaofungwa kwa vipete vya mpira au nyaya nyembamba. Waya wa mwanzo huwa wa mchanganyiko wa nikeli na titani, ambao hata ukipindwa hutaka kurudi kwenye umbo lake, na ni kurudi huko kunakoyavuta meno kwa upole kwa majuma mengi. Baadaye huwekwa waya mnene wa chuma kwa ajili ya kazi nzito ya kuvuta na kuziba mapengo. Daktari huona mgonjwa kila baada ya majuma 4 hadi 8.

Ubora wa vyuma hivi ni kwamba vinafaa kwa karibu kila tatizo, likiwemo la kung'oa magego na kuyarudisha meno nyuma, kulizungusha jino lililogeuka sana, au kulishusha lililobaki juu. Zaidi ya hayo, vinafanya kazi mgonjwa akiwa amelala, amesahau au amekasirika. Mtu asiyependa kulazimishwa na kifaa huiona sifa hii kuwa kero, lakini kwa kijana wa miaka 13 ndiyo sifa kuu. Kitu pekee kinachotegemea utashi wake ni usafi, pamoja na zile raba ndogo za kunasa taya ya juu na ya chini ambazo huhitajika katika hatua fulani.

Kasoro zake zinajulikana. Vinaonekana. Siku mbili tatu baada ya kuwekwa au kukazwa, meno huuma kiasi cha kumfanya mtu atake uji na viazi vya kupondwa. Mashavu na midomo huchubuka hadi izoee, na nta ndogo ya kupakwa juu ya kishikio kinachokwaruza husaidia sana. Chakula hunasa, na sukuma wiki ndiyo kinara. Hatari kubwa zaidi ni ile isiyouma: uchafu unaokaa kuzunguka kishikio kwa miezi mingi huyeyusha madini ya jino na kuacha mabaka meupe, ambayo huonekana siku vyuma vinapoondolewa na ambayo hayafutiki kwa urahisi. Dawa ya meno yenye floraidi, brashi ndogo ya kupita chini ya waya, na kusukutua baada ya kila mlo ni sehemu ya matibabu kama ulivyo waya wenyewe.

Kuhusu chakula, makatazo si makali kama yanavyovumishwa. Ugali, wali, ndengu, maharagwe na githeri iliyoiva ikalainika havina tatizo. Mahindi ya kuchoma huliwa kwa kupukuchua punje badala ya kung'ata gunzi, na nyama choma hukatwa vipande vidogo. Miwa ya kumenya kwa meno, barafu, tofi na kutafuna mifupa ndivyo vinavyobandua vishikio, na kila kishikio kinachobanduka kinaweza kuongeza majuma kwenye safari. Aliyewahi kuota upele kwa kuvaa hereni za bei rahisi amweleze daktari, kwa kuwa nikeli imo kwenye nyaya na kwenye vishikio. Watu wengi wenye mzio huo wa ngozi hawapati shida kinywani, lakini yupo anayepata, na nyaya mbadala zipo.

Kwa mzazi mwenye mtoto katika shule ya bweni, kalenda ndiyo yenye uamuzi kuliko sura. Muhula mrefu hufika majuma 13 au 14, na likizo fupi ya katikati hugawa muda huo takriban nusu kwa nusu. Hivyo ziara ya kila baada ya majuma 6 au 7 inaweza kuangukia katikati ya muhula na mwisho wake, bila kuomba ruhusa ya ziada kwa mwalimu mkuu. Vyuma vya kawaida huvumilia mpango huo vizuri, mradi daktari aelezwe tangu mwanzo na matroni ajue la kufanya waya ukichomoza. Wiki ya kwanza baada ya kuwekewa iwe ya likizo, mtoto akiwa nyumbani.

Kauri, na suala la maji ya Bonde la Ufa

Vyuma vya kauri, kama watu wanavyoviita ingawa kishikio chenyewe si chuma, vinafuata utaratibu ule ule wa kishikio na waya, ila kishikio kimetengenezwa kwa oksidi ya alumini iliyo angavu au yenye rangi ya jino. Kwa umbali wa meza moja ya mkutano havionekani kwa urahisi, isipokuwa waya, ambao baadhi ya kliniki huupaka rangi nyeupe inayochubuka baada ya muda. Kwa mtu mzima mwenye tatizo la wastani anayetaka uhakika wa kifaa kisichovuliwa, hiki ndicho chaguo la kati lenye mantiki.

Yapo mambo ambayo muuzaji huyapita haraka. Kauri ni ngumu lakini hukatika, na kishikio chake huwa kinene zaidi ya cha chuma. Ugumu wake unazidi wa uso wa jino, kwa hiyo kikiwekwa kwenye meno ya chini ya mtu ambaye meno yake ya juu yanafunika sana ya chini, kinaweza kuyasaga ya juu kila anapouma. Ndiyo sababu madaktari wengi huweka kauri juu na chuma chini, mpango ambao pia hupunguza bei. Kishikio chenyewe hakibadiliki rangi sana, lakini vipete vya mpira vinavyoshikilia waya hugeuka manjano kwa bizari, chai na kahawa. Mpenzi wa viazi karai na biriani atakuwa na vipete vya manjano ndani ya siku chache, na atasubiri hadi ziara ijayo vibadilishwe. Wakati wa kuondoa, kauri huhitaji uangalifu zaidi kwa kuwa kubanduka vibaya kunaweza kuchubua uso wa jino.

Hapa ndipo Nairobi ina jambo lake. Wakazi wengi wa jiji walikulia Nakuru, Naivasha, Gilgil na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ambako miamba ya volkeno huongeza floraidi katika maji ya ardhini kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mwongozo. Hata baadhi ya visima vya Nairobi kwenyewe na vya Kiambu huzidi kiwango hicho. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanajengeka, yaani katika miaka 8 ya mwanzo hivi, huota meno yenye mabaka meupe au ya kahawia. Kwa kuchagua kifaa, hali hii ina maana tatu. Kwanza, tabaka la juu la jino kama hilo hustahimili asidi inayotumika kuliandaa kwa gundi, kwa hiyo vishikio vya aina yoyote huweza kubanduka mara nyingi zaidi kwa mwenye mabaka mazito, na daktari huhitaji kuliandaa jino kwa namna ya ziada. Pili, kishikio cheupe juu ya jino la kahawia huonekana waziwazi, kiasi kwamba kauri ya rangi ya jino hupoteza faida ile ile iliyolipiwa. Kauri angavu hujificha vizuri zaidi. Tatu, hakuna kifaa cha kupanga meno kinachoondoa mabaka. Anayetaka meno yaliyopangika na meupe anapanga matibabu mawili, na kwa kawaida ya rangi hufuata baada ya ya mpangilio.

Aina mbili za kupita haraka

Vipo vishikio vyenye kijifuniko kinachoushika waya bila vipete vya mpira, na huuzwa kwa bei ya juu kwa madai kwamba huharakisha matibabu na kupunguza maumivu. Tafiti zilizovilinganisha na vyuma vya kawaida hazijathibitisha madai hayo mawili. Vinampunguzia daktari dakika kadhaa za kufunga na kufungua waya, na kwa kukosa vipete havigeuki manjano. Kama daktari unayemwamini anavitumia kwa wagonjwa wake wote na bei yake ni ile ile, hakuna sababu ya kuvikataa. Kulipa zaidi kwa ajili ya kasi, hapana.

Vyuma vya kuwekwa nyuma ya meno, upande wa ulimi, ndivyo vya pekee ambavyo kweli havionekani na wakati huo huo havivuliwi. Vinachubua ulimi, huathiri matamshi kwa majuma ya mwanzo, ni vigumu kusafisha, na madaktari waliojifunza kuvitumia ni wachache popote duniani. Mtangazaji wa redio atafikiria mara mbili.

Trei angavu

Trei angavu ni mfululizo wa vifuniko vya plastiki nyembamba, kila kimoja kikiwa kimetofautiana kidogo na kilichotangulia, vinavyovaliwa kwa zamu ya juma 1 au 2. Kampuni ya Marekani ya Align Technology, iliyoanzishwa mwaka 1997, ndiyo iliyozieneza kwa jina la Invisalign, na leo zipo chapa nyingine nyingi. Daktari hupima kinywa kwa skana, hupanga mwendo wa kila jino kwenye kompyuta, na trei hutengenezwa kwa kufuata mpango huo. Vijidonge vya gundi yenye rangi ya jino hubandikwa kwenye baadhi ya meno ili trei ipate pa kushika, kwa hiyo hata zile zinazoitwa zisizoonekana huonekana kidogo kwa anayetazama kwa karibu.

Faida zake ni za kweli. Mtu huvua akala atakacho, mahindi na miwa pamoja. Hupiga mswaki kama kawaida, na uwezekano wa mabaka meupe hupungua ikiwa usafi ni mzuri. Michubuko ya mashavu ni michache, ziara za kliniki zinaweza kuachana zaidi, na dharura za waya uliochomoza hazipo. Kwa anayefanya kazi Mombasa Road na kutibiwa Westlands, upungufu wa ziara si jambo dogo.

Ila masharti yake ni mazito kuliko yanavyosikika. Trei hutakiwa kuvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Anayelenga saa 22 amebakiwa na dakika 120 za kula, kunywa na kupiga mswaki. Sasa hesabu siku ya mkazi wa Nairobi: chai ya asubuhi, chai ya saa nne, chakula cha mchana, chai ya saa kumi, chakula cha usiku. Kila moja ikichukua dakika 25 pamoja na kusafisha meno kabla ya kurudisha trei, zimekwisha dakika 125, na bado hajapewa soda kwenye mkutano. Kunywa chai ya maziwa yenye sukari trei ikiwa kinywani ni kuibana sukari dhidi ya jino kwa saa nzima, na chai ya moto huweza kuipinda plastiki yenyewe. Maji peke yake ndiyo yanayoruhusiwa. Mtu ambaye hawezi kuacha kunywa kidogo kidogo siku nzima, au anayetafuna miraa jioni hadi usiku, asizichague. Fedha yake itaishia kwenye sanduku la trei.

Upande wa uwezo, trei ni hodari kwa mianya, kwa msongamano mdogo au wa wastani, na kwa mtu ambaye meno yake yalipangwa zamani kisha yakaanza kurudi kidogo yalikokuwa. Hupata tabu kwa jino la duara lililogeuka sana, kwa jino linalotakiwa kushushwa, na kwa kazi ya kuziba mapengo ya magego yaliyong'olewa, ambako meno huelekea kuinama pengoni badala ya kusogea yakiwa wima. Daktari mwenye uzoefu huweza kufanya baadhi ya kazi hizo kwa trei, mara nyingine akimalizia kwa vyuma vya muda mfupi, lakini mgonjwa ana haki ya kuuliza ni kesi ngapi kama yake amezimaliza kwa njia hiyo. Na mfululizo wa kwanza ni nadra kuwa wa mwisho: trei 40 za juma moja moja zinaonekana kuwa majuma 40, kisha hufuata skana mpya na trei za marekebisho. Uliza kabla ya kulipa kama marekebisho hayo yamo ndani ya bei.

Trei zinazoagizwa kwa posta, ambapo mtu hujipima mwenyewe nyumbani bila daktari kumwangalia kinywa, ni jambo tofauti na siwezi kulipendekeza. Kampuni ya Marekani ya SmileDirectClub, iliyokuwa mashuhuri kwa biashara hiyo, ilifungwa Desemba 2023 na kuwaacha wateja katikati ya matibabu. Hata bila kampuni kufilisika, kusogeza meno yenye fizi zilizougua huweza kuyafanya yalegee, na picha za simu haziwezi kuligundua hilo. Vyuma vya urembo vinavyobandikwa saluni ni vibaya zaidi, kwa kuwa gundi na waya wake havijulikani na huenda vikayasogeza meno pasipo kukusudiwa.

Kwa mtoto wa bweni, trei huwa ni kamari: ikifungwa kwenye karatasi ya shashi wakati wa chakula, hutupwa pamoja na mabaki. Kwa mtoto wa miaka 8 au 9 ambaye bado ana meno ya utotoni, mara nyingi hakuna kati ya aina hizi kinachohitajika. Jino moja la juu linalong'ata nyuma ya la chini huweza kusukumwa na kifaa cha plastiki chenye springi, kinachovuliwa, kwa miezi michache. Chama cha wataalamu wa kupanga meno cha Marekani hupendekeza mtoto aangaliwe kwa mara ya kwanza asipite miaka 7, na kuangaliwa si sawa na kuanza kutibiwa.

Bei na anayetibu

Bei za Nairobi hutofautiana sana kutoka kliniki moja hadi nyingine, lakini mpangilio wake kwa kawaida ni huu: vyuma vya kawaida chini, kauri na vile vya kijifuniko juu yake, kisha trei za chapa kubwa na vyuma vya nyuma ya meno. Trei za chapa za nje hutengenezwa ng'ambo, kwa hiyo bei yake hufuata pia thamani ya shilingi dhidi ya dola. Linalowapotosha watu ni kulinganisha namba zisizobeba vitu sawa. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kliniki ya kwanza imetaja shilingi 150,000 na ya pili 190,000. Ikiwa ya kwanza hutoza shilingi 3,000 kwa kila ziara, na ziara ni 18, imekwisha kufika 204,000 kabla ya eksirei, kung'oa magego, kurudishia vishikio vilivyobanduka na riteina za mwishoni, yaani vifaa vya kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Omba orodha iliyoandikwa. Kliniki nyingi hukubali malipo ya lipa mdogo mdogo, amana ikitangulia na salio likigawanywa kwa miezi. Makubaliano hayo nayo yaandikwe, na risiti za M-Pesa zihifadhiwe. Kuhusu bima, ni kawaida kwa mikataba kuuhesabu upangaji wa meno kuwa urembo na kuuondoa, au kuuwekea kikomo kidogo, kwa hiyo soma kifungu cha meno chenyewe badala ya kumtegemea wakala.

Ningeweka uzito wa daktari juu ya uzito wa kifaa. Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno la Kenya, KMPDC, lina sajili mtandaoni ambamo mtu anaweza kuangalia kama daktari ana leseni ya mwaka huo na kama ametambuliwa kuwa bingwa wa tawi fulani. Madaktari wa meno wa kawaida pia hutoa baadhi ya huduma hizi, na kwa mwanya mdogo au meno mawili yaliyopishana huenda hilo likatosha. Kwa kung'oa magego manne au kwa meno yasiyokutana, tafuta bingwa wa kupanga meno hata kama itabidi kushuka kutoka kauri hadi chuma ili kumlipa. Inafaa pia kuulizia hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo ni ya mafunzo, ikiwa mgonjwa ana subira na foleni na ratiba ya chuo.

Kuhama, na baada ya kuvua

Nairobi ni jiji la watu wanaohamishwa kazi, na miaka 2 ni mirefu. Anayejua kwamba huenda akapelekwa Mombasa, Kisumu au Eldoret azingatie kwamba vyuma vya kawaida ndivyo rahisi kuendelezwa na daktari mwingine, kwa kuwa kila bingwa anavifahamu, ilhali trei zimefungwa kwenye mpango wa kompyuta wa daktari wa kwanza na chapa yake. Vya nyuma ya meno ndivyo vigumu kuliko vyote. Omba nakala za eksirei na kumbukumbu zako kabla ya kuondoka, na suluhu ya fedha iliyokwisha kulipwa.

Kifaa chochote kitakachochaguliwa, meno yataanza kurudi yalikotoka mara tu yatakapoachwa huru, na mwanya uliozibwa ni miongoni mwa yanayorudi haraka. Riteina ndiyo inayozuia. Ipo ya waya mwembamba uliogundishwa nyuma ya meno ya mbele, isiyotegemea kumbukumbu ya mtu lakini inayohitaji kuangaliwa kwa sababu ikibanduka upande mmoja bila kujulikana jino hutoka kwenye mstari. Ipo ya plastiki angavu ya kuvaliwa usiku, ambayo huchakaa na kubadilishwa. Na ipo ya plastiki nene yenye waya wa mbele, inayodumu zaidi ila inaonekana. Kwa aliyeziba mwanya ningechagua waya uliogundishwa pamoja na trei ya usiku. Gharama hii hukumbukwa mwishoni, fedha ikiwa imekwisha, na watu huondoka kwa ahadi ya kurudi mwezi ujao. Mwenye bajeti isiyotosha kauri pamoja na riteina mbili achukue vyuma vya kawaida na riteina zake mbili, zikiwa zimelipiwa tangu siku ya kwanza.